Gunia la Yona Lilipimwa Likiwa Limeloa

Msicheke. Ninastaafu. Nina miaka kumi na saba, sina mvi hata moja, na kiinua mgongo changu ni soda ya baridi ambayo Shangazi Eliza ameahidi kuninunulia siku nitakayopanda basi kwenda kuanza kidato cha tano. Lakini kazi nimeifanya miaka minne: kila likizo, kila Jumamosi, na zile siku ambazo mwalimu wa zamu aliamini kwamba naumwa malaria. Kwa hiyo nyie wa kidato cha pili mnaogombania kiti changu, kaeni chini kwanza. Mkiniona nacheka hapa katikati, msidanganyike. Nimekasirika tangu mwaka juzi na sijamaliza.

Kiti chenyewe mnakijua. Kipo kwenye steshenari ya Shangazi hapa Misigiri, mbele ya kompyuta iliyofutika herufi A, karibu na printa inayokohoa kama mzee wa tumbaku. Wapita njia wanadhani pale tunatoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa tu. Fotokopi ni kazi ya mashine. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika barua za watu wenye ndugu gerezani: kuomba nakala za hukumu, kuomba ndugu ahamishiwe gereza la karibu, kuomba apunguziwe kifungo. Nilianza kwa sababu Shangazi ana mwandiko mbaya na moyo mzuri. Alikuwa anashindwa kumwambia mtu kwamba hajui.

Mimi pia nilikuwa sijui. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na aibu.

Nianze na kosa, maana mtalifanya. Mzee mmoja alikuja kulalamikia mbuzi wa jirani waliokula miche yake ya alizeti. Nikamwandikia barua nzuri, yenye aya na kila kitu. Wiki ile ile akaja mama mmoja kuomba mumewe ahamishiwe gereza la karibu. Nikafungua barua ya mbuzi, nikabadilisha majina, nikachapa, akaweka dole gumba, ikaenda. Mama akarudi baada ya mwezi, akanitazama sana. Afisa kule gerezani alikuwa amemsomea kwa sauti, mbele ya watu, kwamba anaomba mume wake asogezwe karibu na nyumbani kwa kuwa amekula miche yake ya alizeti, na hii ni mara ya tatu.

Aliyenikamata vizuri kwa kosa hilo alikuwa Mzee Kingu. Huyu alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, kustaafu kwa kweli siyo kama kwangu, na alikuwa anakuja dukani kuchaji simu na kusoma gazeti la bure. Alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni muda wote, nadhani hata kanisani. Akaichukua nakala ya ile barua, akaizungushia miche duara jekundu, akasema, "Binti, barua ya mfungwa inasomwa na mtu aliyechoka. Ukimpa sababu ya kucheka, hatakumbuka ulichoomba."

Kuanzia hapo akawa mwalimu wangu, ingawa hakuna aliyemwomba. Alinifundisha mambo ambayo shuleni hamtayapata. Andika ombi kwenye mstari wa kwanza, machozi yaweke chini, kama lazima. Toa nakala mbili kila mara, na ile ya kwako usitoke nayo ofisini mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akisema faili linatafutwa, usimuulize linapatikana lini, maana hajui na atakuchukia. Muulize jina lake kwa heshima, mwambie ni ili ukirudi usisumbue wengine. Mtu aliyekutajia jina lake hutafuta faili kwa bidii kidogo. Hii ya mwisho nimeijaribu hata kwa mwalimu wa zamu. Inafanya kazi.

Sasa Bibi Sara.

Bibi Sara Msengi alikuja kwa boda kutoka Ulemo, amebeba mfuko wa plastiki uliokunjwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatafuta kwa macho mtu mzima wa kuongea naye. Shangazi akamwonyesha mimi. Akakaa kama mtu aliyeletewa daktari mwenye miaka kumi na minne, ambayo ndiyo niliyokuwa nayo.

Alitaka barua ya kumtoa mwanawe. Nikauliza ana kosa gani, kama muuza chipsi anavyouliza kavu au mayai. Akasema alibeba majani. Mwanawe, Yona, alikuwa dereva wa bodaboda. Mtu mmoja alimpa gunia la bangi alipeleke kwa mtu mwingine kwenye barabara kuu, akakamatwa nalo mchana, kwenye mvua. Nikaandika "inadaiwa". Bibi aliponiuliza nimeandika nini nikamsomea, akakataa.

"Usiandike inadaiwa. Alibeba. Na alijua, pua anayo."

Nikampenda hapo hapo. Wateja wangu wote ndugu zao walikuwa hawajafanya kitu, walipita tu. Yeye ndiye wa kwanza kuniletea mtu mwenye kosa. Nikauliza amefungwa miaka mingapi. Akasema maisha.

Mimi nilidhani ni namna ya kusema, kama mtu anavyosema nimekaa kwenye foleni maisha yangu yote. Nikasubiri idadi. Hakukuwa na idadi. Wakati anahukumiwa, sheria ya dawa za kulevya ilikuwa hivyo: umesafirisha, umekwisha. Mwenye gunia jina lake halimo hata kwenye karatasi moja ya kesi hiyo. Alimtumia Yona ujumbe atulie, asikate rufaa, yeye anashughulikia. Yona akatulia. Muda wa rufaa ukaisha, na mwenye gunia akahama namba ya simu.

Na Bibi hakuwa na huzuni tu, alikuwa na haraka. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa wameanza vikao. Shamba la Yona, lile la chini penye udongo mweusi, walitaka kuligawana. Hoja yao ilikuwa moja na waliisema mbele yake: mtu wa maisha ni sawa na msiba uliokwisha kuliliwa, na shamba la msiba hugawanywa. Alichotaka Bibi ni karatasi yoyote itakayosema Yona atarudi. Bila karatasi, mavuno mawili matatu yajayo shamba linaondoka.

Nikaandika barua ya kuomba msamaha ule unaotolewa kwenye sikukuu za taifa. Niliandika kwa moto. Machozi ya mama niliyaweka juu, katikati na chini, maana Mzee Kingu alikuwa amesafiri, safari iliyozidi mwaka. Sikukuu ikapita, Yona hakutoka. Nikaandika ya pili, mchungaji akaisaini. Nikaandika ya tatu, mwenyekiti wa kijiji akaongeza muhuri wake. Kila mara Bibi alikaa karibu na redio siku nzima. Jirani yao aliyemtoboa mtu jicho kwenye ugomvi wa pombe ya mtama alitoka kwa msamaha, na mimi mwenyewe nilimwona harusini akicheza. Yona hakutoka.

Mzee Kingu aliporudi akasoma zile nakala tatu. Kisha akatafuta gazeti la zamani kwenye rundo la kufungia karanga, akanipa tangazo la msamaha. Nikasoma mwanzo, mzuri kabisa: wagonjwa, wazee, waliotumikia sehemu ya kifungo. Akaniambia niende mwisho. Mwishoni kuna orodha ya wasiohusika. Dawa za kulevya zimo. Akaniambia na parole vilevile, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, tusipoteze wino.

Barua tatu. Zaidi ya mwaka mmoja wa mama wa watu kukaa karibu na redio, na jibu lilikuwa limechapwa gazetini tangu mwanzo, chini, kwa herufi ndogo. Nilijikasirikia mimi kwanza. Halafu nikakasirikia kila mtu aliyepokea barua zile, akazigonga muhuri, akaziweka kwenye jalada, na hakuna hata mmoja aliyeandika mstari mmoja: mama, mwanao hahusiki, tafuta njia nyingine. Mstari mmoja tu. Kwenye meseji ya simu ungeenea na nafasi ikabaki.

Wadogo zangu, lishikeni hili: kabla hujaandika ombi lolote, tafuta kwanza orodha ya wasiohusika. Huwa ipo, na huwa mwishoni.

Njia nyingine ilikuja na mwanadada mmoja wakili, wa msaada wa kisheria, aliyekuja siku moja kutoa elimu kwenye ofisi ya kata. Watu walikuwa wanauliza mirathi na mipaka. Bibi Sara akasimama katikati ya mipaka ya watu akauliza kuhusu maisha. Wakili akamsikiliza, akatuita pembeni. Akasema sheria ilikwisha kubadilishwa. Sasa kuna mstari: bangi isiyozidi kilo hamsini, adhabu si maisha tena, ni miaka thelathini. Ikizidi hamsini, maisha yanabaki palepale. Yona alihukumiwa kabla ya mabadiliko hayo.

Mimi kwa akili yangu ya Fomu Tuu nikasema basi imeisha, wafungue majalada, watazame nani yuko chini ya mstari, wawapunguzie. Wakili akacheka, lakini siyo kicheko cha furaha. Akasema sheria mpya haiendi kumgongea mfungwa mlango. Yona lazima aombe. Na kwa kuwa muda wake wa rufaa umepita, lazima kwanza aombe kuongezewa muda, aeleze kwa nini amechelewa, ikiwezekana siku kwa siku, ndipo rufaa isikilizwe, ndipo mstari wa kilo uzungumzwe.

Hebu fikirini. Serikali inakaa, inaona adhabu hii ilikuwa kali mno, inaipunguza. Halafu yule aliyeko ndani tayari, ambaye ukali wenyewe umemkalia kichwani, anaambiwa aeleze kwa nini amechelewa kujua. Amechelewa kwa sababu yuko gerezani, jamani. Hakuna steshenari kule.

Wakili alitaka karatasi mbili: nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani yale yote yaliyosemwa mahakamani siku za kesi. Kuzipata ilituchukua miezi saba. Nilimwandikia Bibi barua, akapanda basi, akaambiwa faili limehamishwa. Barua nyingine, faili linaonekana ila mwenye ufunguo yuko likizo. Nyingine, njoo Jumatatu. Jumatatu ikawa sikukuu. Bibi kila safari alirudi na nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa, maana nilimwambia asipogongewa akae palepale mlangoni ajifanye anaumwa mguu. Mguu kweli ulikuwa unamuuma. Alitajiwa majina ya makarani watatu, na wa tatu akalipata faili, nakala zikatoka.

Zilipofika nilifungua kurasa za nyuma kwa pupa, nikatafuta kilo. Kilo hamsini na mbili na nusu.

Nikampigia wakili. Akasema pole, kwa kipimo hicho Yona hahusiki.

Nilizima kompyuta bila kusevu kazi ya mtu. Nilisema maneno ambayo Shangazi alinikata jicho mpaka nikayameza yaliyobaki. Kilo mbili na nusu! Hiyo ni kuku mmoja mnene. Kwa uzito wa kuku, mtu abaki ndani mpaka afe. Mzee Kingu akasema mstari ni mstari, lazima uwe mahali fulani, na popote utakapouweka kuna mtu atasimama hatua moja nje. Alisema kweli, na nilimchukia kwa dakika kumi.

Bibi Sara alikuwepo. Alikuwa amekaa na mfuko wake mapajani. Mwishowe akaniuliza kama nimesoma zote. Nikamwambia nimesoma kilo, Bibi, zilizobaki hazina maana. Akasema yeye hajui kusoma, ndiyo maana hajawahi kuruka ukurasa. Nianze mwanzo.

Nikaanza, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, kama mnavyosoma risala. Shahidi wa kwanza, shahidi wa pili. Ilichukua muda, wateja wakaja wakaondoka. Nikafika kwa yule aliyepima. Anasema siku ile mvua ilikuwa kubwa, walimsimamisha mshtakiwa, gunia lilikuwa limefunikwa turubai na kufungwa mipira. Walilifungua wakaona majani. Wakalifunga tena, wakalipeleka kwenye mizani, wakalipima kama walivyolikuta.

"Rudia hapo," Bibi akasema.

Nikarudia.

"Na turubai?"

Nikatazama. Nikasema imeandikwa kama walivyolikuta.

Bibi akawa kama anahesabu kitu. Kisha akasema taratibu, "Mimi nikipeleka alizeti mbichi, dalali ananirudisha nyumbani nikaanike. Mwanangu wamempima mbichi."

Kama hamjawahi kuuza alizeti Ulemo, niwaeleze, maana wengine nyie mnajua mafuta yakiwa kwenye chupa tu. Dalali hapokei gunia kwa macho. Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anachota za katikati, anaitafuna moja mbele yako. Isipolia kati ya meno, una unyevu, rudi uanike. Ikilia, hatua ya pili: linatundikwa kwanza gunia tupu kwenye mizani, wanaona lina uzito gani, ndipo la kwako linapandishwa na uzito wa gunia unatolewa. Hata mtu aliyelewa hawezi kusahau kutoa gunia. Kuna watu kule hawasalimiani kwa sababu ya gunia ambalo halikutolewa, na hao walikuwa wanauziana alizeti tu. Hawakuwa wanapima maisha ya mtu.

Kesi nzima, jamani. Mpelelezi, wakili, hakimu, mshtakiwa mwenyewe. Watu wenye shahada ukutani. Hakuna aliyeuliza swali ambalo dalali wa Ulemo huliuliza kabla hajasalimia. Gunia tupu lina kilo ngapi?

Mimi nikachanganyikiwa kwa furaha. Nikataka ushahidi. Nikachukua gunia tupu la katani, turubai la Shangazi na mipira ya boda, nikavilowesha kwenye ndoo, nikavibeba vinachuruzika mpaka kwa mnunuzi wa alizeti barabarani, nikamwomba atundike. Aliuliza nauza nini. Nikamwambia nauza maji. Akatundika, na mshale ulipita kilo tatu bila kuangalia nyuma. Nikarudi dukani mbio nimelowa mpaka soksi, na picha ya mshale kwenye simu. Mzee Kingu akaitazama picha, akanitazama mimi.

Akasema, "Hilo si gunia la Yona. Jaji hatalipokea, na atakuwa sahihi. Acha kupima. Wewe andika maneno ya shahidi, kama yalivyo, na uulize swali la Bibi."

Huo ndio ufundi wenyewe, na nyie mtaukosea kama nilivyoukosea. Tukishika jambo tunataka kulithibitisha kwa mbwembwe. Hatukutakiwa kuthibitisha gunia lilikuwa na kilo ngapi. Waliompa Yona maisha ndio waliotakiwa kujua, na karatasi yao wenyewe ilikuwa inasema hawajui.

Wakili alipigiwa tena. Safari hii hakusema pole, aliniambia nimsomee mstari ule mara tatu. Akaandaa maombi ya kuongezewa muda, na kwenye kiapo cha kueleza kuchelewa akaambatanisha nakala zote za Bibi zenye mihuri: miezi saba ya faili linatafutwa, yote na tarehe zake. Ofisi iliyotuzungusha ikawa shahidi wetu. Niliponusa harufu ya wino wa ile mihuri niliona utamu ambao sitausimulia hapa, mtaniona nina roho mbaya.

Muda ukaongezwa. Rufaa ikapangiwa siku. Nilikwenda na Bibi, malaria ile kali kuliko zote nilizowahi kuumwa. Yona aliletwa. Ndiyo mara ya kwanza namwona mtu niliyemwandika miaka yote ile, na alikuwa mfupi kuliko barua zangu. Alimtazama mama yake, mama yake akamtazama, hawakuruhusiwa zaidi ya hapo.

Wakili wa Serikali akasema tofauti ni ndogo na mrufani mwenyewe hakulalamikia uzito siku ya kesi. Jaji akaandika, akainua kichwa, akamuuliza swali moja. Shahidi alisema gunia tupu lina uzito gani? Yule wakili akapekua mbele, akapekua nyuma. Mimi nilikuwa nimekariri zile kurasa, nilijua hatapata, lakini moyo ulikuwa unagonga kama printa imemeza karatasi. Akasema, mheshimiwa, kumbukumbu hazionyeshi.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Jaji alisema pasipojulikana uzito wa bangi yenyewe, shaka inakwenda kwa mrufani, achukuliwe yuko chini ya mstari. Kosa linabaki. Maisha yameondolewa. Miaka thelathini, kuanzia siku aliyotiwa hatiani.

Watu wakatushika mikono, wakasema hongereni. Nilitaka kumpiga mtu na kitu kizito. Hongera ya nini? Thelathini! Kwa kubeba gunia la mtu ambaye hadi leo anaendesha gari lake anakojua mwenyewe. Mimi nina kumi na saba na ninajiona mzee, na hiyo ni nusu na kidogo tu ya kile watu walichokuwa wananipongezea. Msije mkaniambia eti sheria imekuwa na huruma. Imekuwa na mstari. Aliyetuvusha ni mwanamke asiyejua kusoma, kwa sababu alisomewa kila neno.

Tulirudi Misigiri, Bibi akakaa kwenye kiti cha wateja. Akamwomba Mzee Kingu amwambie tarehe. Siyo miaka, tarehe. Mzee akaeleza kwamba mwenye kifungo cha miaka, akiwa na tabia njema, hupunguziwa theluthi, jambo ambalo mtu wa maisha halimhusu kwa kuwa huwezi kukata theluthi ya kitu kisicho na mwisho. Akakokotoa, akaandika siku, mwezi na mwaka kwa ile kalamu nyekundu, kubwa. Bibi akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya.

"Huenda nisimkute," akasema, kama mtu anayesema wiki hii mvua haiji. Akaikunja ile karatasi. "Lakini shamba watalikuta limelimwa. Mtu mwenye tarehe hagawanywi."

Akaondoka nayo moja kwa moja kwenye kikao cha wale shemeji zake. Nimesikia hakukaa. Aliiweka mezani, akawaacha wasome kwa zamu, akaichukua, akarudi kupalilia.

Basi hapo ningefunga, nikanywe soda yangu. Lakini juzi imekuja barua kutoka gerezani, ya Yona, kwa jina langu. Nilidhani ni shukrani, nikaanza kuisoma nimejitanua kwenye kiti. Shukrani ni mstari mmoja. Zilizobaki ni kurasa mbili za majina. Kila jina lina kijiji, lina mwaka wa hukumu, lina kilo, na pembeni Yona ameandika alichoambiwa na mwenyewe: gunia lilipimwa pamoja na mabua na udongo wa shambani. Huyu bangi yake ilipimwa ikiwa ndani ya dumu. Huyu kilo ziko chini ya mstari kabisa, hajawahi kuambiwa kama kuna mstari. Wapo kumi na mmoja. Wote walihukumiwa kabla ya mabadiliko, na hakuna mtu aliyefungua jalada la yeyote kati yao, kwa sababu hakuna aliyeomba.

Mimi basi langu ni Jumapili. Orodha nimeibandika ukutani juu ya kompyuta, nakala mbili. Wa kwanza anaitwa Daudi, yule wa dumu. Mama yake anauza vitunguu stendi ya Manyoni, Yona anasema ni mfupi, ana kilemba cha kijani, na hana simu. Anayekitaka kiti aanzie hapo. Amwamkie vizuri, na akipata zile karatasi, asome zote, kwa sauti, huyo mama akiwa amekaa pembeni.